Kitabu cha karatasi na mashine ya kusomea: vita iliyohesabiwa na wauzaji, Kivu ikabaki nje ya habari

Ni zaidi ya miaka kumi na tano sasa magazeti makubwa ya Marekani na Uingereza yakisimulia vita moja: kitabu cha karatasi upande huu, mashine ya kusomea upande ule. Kwanza yalitangaza kwamba karatasi inakufa. Miaka michache baadaye yakatangaza kwamba karatasi imefufuka, na kwamba mashine ndiyo inaelekea kaburini. Habari zote mbili zilikuja na tarakimu. Na zote mbili zilikuwa na kasoro moja: zilichukua hesabu ya muuzaji na kuifanya hesabu ya wasomaji.

Kwa mkaaji wa Kivu, mambo haya hayako mbali kama yanavyoonekana. Mashine hizo, sawa na simu, zinatengenezwa kwa madini, na sehemu ya madini ya namna hiyo inatoka chini ya miguu ya watu wa Masisi, Walikale na Kalehe. Lakini katika mabishano juu ya harufu ya karatasi na wepesi wa kioo, mchimbaji anatajwa mara chache sana. Na mwanafunzi wa Goma au Bukavu anayesomea masomo yake kwenye simu hatajwi kabisa.

Mashine ya dola 399

Tarehe 19 mwezi wa kumi na moja 2007, mjini New York, Jeff Bezos, mkubwa wa kampuni Amazon, alionyesha waandishi wa habari mashine nyeupe yenye kioo kisichong'aa: Kindle. Bei yake ilikuwa dola 399. Gazeti la kila wiki Newsweek liliweka picha ya Bezos na mashine yake kwenye jalada, likiwaambia wasomaji kwamba vitabu havijakufa, vinahamia tu kwenye elektroniki. Kampuni ikasema mzigo wa kwanza uliisha kwa muda wa saa tano na nusu. Habari hiyo ilizunguka dunia.

Mashine ngapi zilikuwa katika mzigo huo? Amazon haikusema. Kitu kinaweza kwisha kwa saa tano kama ni vipande elfu moja, na vilevile kama ni laki moja. Hadi leo kampuni hiyo haijawahi kutangaza hesabu kamili ya Kindle ilizouza. Hata hivyo, kwa miaka mingi iliendelea kuwa chanzo kikubwa cha habari juu ya Kindle, na waandishi waliipokea.

Mfano mzuri ni tangazo la tarehe 19 mwezi wa saba 2010. Amazon ilisema kwamba kwa miezi mitatu iliyopita, kwa kila vitabu 100 vya jalada gumu ilivyouza, iliuza vitabu 143 vya Kindle. Vichwa vya habari vikaandika kwamba kitabu cha elektroniki kimeshinda kitabu cha karatasi. Lakini tangazo lenyewe halikusema hivyo. Lilihusu duka moja tu, tena duka la mtandaoni ambalo ndilo linalouza mashine hiyo. Na lilihusu jalada gumu peke yake, lile la bei kali. Vitabu vya jalada laini, ambavyo watu wengi wananunua, havikuwekwa kwenye mizani. Ni sawa na mtu kusimama mbele ya meza moja ya soko la Kadutu, mjini Bukavu, ahesabu nguo zinazouzwa hapo, kisha atangaze namna mji mzima unavaa.

Mwezi wa nane mwaka huohuo, Nicholas Negroponte, mwanzilishi wa mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto, alisema katika mkutano huko Marekani kwamba kitabu cha karatasi kitakufa kwa muda wa miaka mitano. Hoja yake ilipita njia ya Afrika: kupeleka vitabu vya karatasi kijijini ni gharama, alisema, lakini kompyuta moja inabeba vitabu mia moja. Rwanda, jirani wa karibu kabisa wa Goma, ilikuwa kati ya inchi zilizochukua kompyuta hizo. Miaka mitano ilipita, hadi 2015, na karatasi ilikuwa bado iko.

Katikati hapo, mwaka 2011, duka kubwa la vitabu Borders lilianguka huko Marekani. Lilifunga maduka yake 399 ya mwisho na wafanyakazi karibu 10,700 wakapoteza kazi. Habari nyingi zilisema ni mashine ya kusomea iliyoliua. Sehemu ya ukweli iko hapo. Lakini Borders ilikuwa na madeni mazito, na tangu 2001 hadi 2008 ilikuwa imekabidhi uuzaji wake wa mtandaoni kwa Amazon yenyewe, mshindani wake. Mtu anayempa jirani ufunguo wa duka lake hawezi kushangaa sana akikuta rafu tupu. Kwa gazeti lililotaka habari fupi, kusema kwamba mashine imeua duka kulikuwa rahisi kuliko kueleza madeni na mikataba.

Mwaka 2015, karatasi inafufuka

Tarehe 22 mwezi wa tisa 2015, The New York Times iligeuza simulizi. Kulingana na hesabu za chama cha wachapishaji wa Marekani, mauzo ya vitabu vya elektroniki yalishuka kwa 10 kwa mia katika miezi mitano ya kwanza ya mwaka. Gazeti liliongeza kwamba maduka huru ya vitabu yanaongezeka: chama chao kilikuwa na wanachama 1,712 wakati miaka mitano mbele yake walikuwa 1,410. Habari hiyo ilikuwa na kazi ya kweli ndani yake, na haikuwa uongo. Ila wengine walioinakili walibakiza mstari mmoja tu: watu wamechoka na mashine, wanarudia karatasi.

Upungufu wa hesabu hiyo ulionekana siku chache tu baadaye. Chama cha wachapishaji kinahesabu vitabu vya wachapishaji wanaokipelekea tarakimu. Waandishi wanaojichapishia wenyewe na kuuza moja kwa moja kupitia Amazon hawamo, na vitabu vyao vingi havina hata ile namba ya kimataifa ambayo kila kitabu cha dukani kinabeba. Vitabu hivyo vilikuwa vinauzwa kwa bei ndogo, dola tatu au nne, na wasomaji wa hadithi za mapenzi na za upelelezi walikuwa wanavimaliza kimoja nyuma ya kingine. Kwa hiyo chama kiliona soko linashuka, na Amazon inaona soko linahama. Amazon, kama kawaida yake, haikutoa tarakimu.

Kisha kuna bei, na hapa ndipo kilikuwa kiini cha jambo. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilishitaki Apple na wachapishaji wakubwa watano kwa kupatana kupandisha bei ya vitabu vya elektroniki; wachapishaji waliomba yaishe, na Apple ikashindwa mbele ya mahakama mwaka 2013. Lakini kufikia mwisho wa 2014, baada ya ugomvi wa miezi kati ya Amazon na mchapishaji Hachette, wachapishaji wakubwa walipata katika mikataba mipya haki ya kupanga bei wao wenyewe. Kitabu cha elektroniki kilichokuwa kinauzwa dola 9.99 kikapanda hadi dola 12.99 au 14.99, na mara zingine kikapita bei ya kitabu cha jalada laini. Mauzo yakashuka. Mama yeyote anayeuza unga sokoni angeweza kueleza sababu bila kutaja mapenzi ya watu kwa harufu ya karatasi.

Kuna tena jambo la kuchekesha. Mwaka huohuo wa 2015 vitabu vya kupaka rangi vya watu wazima, kama vile vya mchoraji wa Scotland Johanna Basford, viliuzwa kwa wingi sana. Kitabu cha kupaka rangi hakisomwi. Lakini kwenye hesabu kiliingia kama ushindi wa karatasi.

Uingereza nayo ikafuata. Kwa mwaka 2016, chama cha wachapishaji cha huko kilitangaza kwamba vitabu vya elektroniki vya wasomaji wa kawaida vilishuka kwa 17 kwa mia hadi pauni milioni 204, wakati karatasi inapanda. Magazeti yakapata neno la kueleza hali hiyo: uchovu wa kioo. Swali la bei lilibaki aya za chini, pale ilipopata nafasi. Halafu 2020 ikaja na corona, na huko Marekani karatasi na elektroniki vyote viwili viliuzwa zaidi. Simulizi la vita halikuwa na mahali pa kuweka habari kama hiyo.

Utafiti mdogo, kichwa kikubwa cha habari

Sayansi nayo iliingizwa vitani. Mwisho wa 2014, watafiti wa hospitali moja ya chuo kikuu huko Boston walichapisha uchunguzi juu ya kusoma usiku. Vichwa vya habari vilisema vitabu vya elektroniki vinaharibu usingizi, na picha zilizowekwa zilikuwa mara nyingi za mashine za kusomea. Katika uchunguzi wenyewe kulikuwa watu 12. Walisoma karibu saa nne kila jioni kwenye tableti iPad yenye mwanga wa mwisho kabisa, na walichelewa kulala kwa dakika karibu kumi. Kindle ya kawaida ya wakati ule, yenye wino wa elektroniki, haikuwa na mwanga wake yenyewe. Ili kuisoma usiku ilihitaji taa, sawasawa na kitabu. Mashine iliyopimwa na mashine iliyohukumiwa hazikuwa moja.

Mwezi wa nane wa mwaka huohuo kulikuwa na uchunguzi mwingine, wa Anne Mangen wa chuo kikuu cha Stavanger huko Norvège. Watu 50 walisoma hadithi moja fupi, nusu kwenye Kindle na nusu kwenye karatasi. Waliosoma kwenye Kindle walishindwa zaidi kupanga matukio 14 ya hadithi kwa mfuatano wake. Kwa maswali mengine mengi, matokeo yalikaribiana. Na kati ya wale wa Kindle, wawili tu ndio walikuwa wameizoea mashine hiyo. Gazeti halikuweza kuyaweka hayo yote kwenye kichwa cha habari, ni kweli. Likaandika tu kwamba Kindle inafanya msomaji asahau.

Uchunguzi wenye uzito zaidi ulikuja 2018, na ndio ulipata nafasi ndogo. Watafiti walikusanya matokeo ya uchunguzi 54 yenye watu zaidi ya 171,000. Kwa hadithi, hawakuona tofauti ya maana kati ya karatasi na kioo. Kwa maandiko ya kufundisha, karatasi ilikuwa mbele, na zaidi pale msomaji anapobanwa na muda. Maandiko ya kufundisha, muda mfupi: hiyo ni hali ya mwanafunzi wa Butembo au Uvira usiku wa mwisho kabla ya mtihani, na silabasi ya kurasa 120 ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka. Kama kuna mahali ambapo matokeo hayo yangepaswa kujadiliwa na wakubwa wa vyuo, ni huku. Silabasi ya fotokopi inagharimu feza, PDF inapita bure kwenye WhatsApp, na maprofesa wengi wameacha mwanafunzi achague mwenyewe kulingana na mfuko wake.

Hapo ndipo simulizi la vita linaachana kabisa na maisha ya Kivu. Kwa wasomaji wengi wa huku, chaguo halijawahi kuwa kati ya kitabu cha duka na Kindle. Ni kati ya fotokopi na simu. Mwaka 2014 UNESCO ilitoa ripoti juu ya watu wanaosoma kwa simu katika inchi saba, zikiwemo Uganda, Ethiopia, Nigeria na Zimbabwe, Kongo haikuwamo. Zaidi ya watu 4,000 walijibu. Mmoja kati ya watatu alisema anatumia simu kusomea watoto hadithi. Wanawake walisoma kwa wastani dakika 207 kwa mwezi, wanaume dakika 33. Ni tarakimu ambazo zingetosha kujaza kurasa nyingi. Zilipita haraka, kwani katika pambano la karatasi na Kindle simu ndogo ya bei rahisi haina upande.

Na yule ambaye anaweza kununua kitabu cha elektroniki anapaswa kujua kitu anachonunua. Mwezi wa saba 2009, Amazon ilifuta kwa mbali nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka Kindle za watu waliokuwa wamelipa, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki. Kimoja kilikuwa 1984, kitabu juu ya serikali inayofuta maandishi, na magazeti yalifurahia sana sadfa hiyo. Feza zilirudishwa, Bezos akaomba radhi. Tangu tarehe 26 mwezi wa pili 2025, kampuni hiyo imeondoa pia uwezo wa kupakua kitabu kwenye kompyuta na kukihamishia kwenye Kindle kwa waya. Kwa mtu wa London mwenye intaneti usiku na mchana, hilo ni jambo dogo. Kwa mtu anayesoma mahali ambapo mtandao unakatika siku mbili, waya ndio ulikuwa njia.

Madini katika nusu ya sentensi

Katika vita hii yote kulikuwa swali moja ambalo lingeleta Kongo mbele: ni kipi kinaharibu dunia kidogo zaidi, karatasi au mashine? Magazeti yalipenda swali hilo mwanzoni. Karatasi ina miti iliyokatwa, na mti uliokatwa unapigika picha kwa urahisi. Mashine ilionekana safi.

Mwezi wa nne 2010, Daniel Goleman na Gregory Norris walichapisha katika The New York Times hesabu iliyopinga usafi huo. Kulingana nao, mashine moja inahitaji kuchimbwa kwa karibu kilo 15 za madini na udongo, na maji lita karibu 300. Kitabu kimoja cha karatasi iliyotumiwa tena kinahitaji theluthi moja ya kilo na maji lita saba na nusu hivi. Ili mashine ilipe deni lake la madini, maji na mafuta, mwenye nayo lazima asomee juu yake vitabu 40 hadi 50. Kwa deni la joto la dunia, vitabu 100. Ndani ya hesabu hiyo waliandika pia kwamba kuna kiasi kidogo cha koltani, inayochimbwa mara nyingi katika sehemu za Afrika zenye vita. Ni nusu ya sentensi, wala jina la inchi halikutajwa. Tena hiyo ilikuwa moja kati ya makala chache zilizofika hata hapo.

Miezi mitatu baadaye, kalenda iliweka mambo mawili karibu karibu. Tarehe 19 mwezi wa saba 2010, Amazon ilitoa lile tangazo la vitabu 143 kwa 100. Tarehe 21, siku mbili tu baadaye, Rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinadai kampuni zilizo katika soko la hisa la Marekani ziseme kama bati, tantali, tungsteni au dhahabu zinazotumia zinatoka Kongo au kwa majirani zake. Wachimbaji wa Kivu waliijua kama sheria ya Obama. Mwezi wa tisa, Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, hadi mwezi wa tatu 2011. Wanunuzi walikimbia, vijana wa machimbo wakakosa kazi, na jamaa nyingi zikakosa karo ya shule. Kwa magazeti ya Marekani, ushindi wa kitabu cha elektroniki ulikuwa habari ya teknolojia na kifungu cha 1502 kilikuwa habari ya siasa. Kiwanda kilichounganisha hivyo viwili hakikuwa na ukurasa.

Tangu wakati huo, koltani inapoandikwa, picha inayowekwa ni ya simu au ya gari la umeme. Mwezi wa nne 2024, Rubaya, machimbo makubwa ya koltani ya Masisi, iliingia mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika namna kundi hilo linavyotoza kodi juu ya madini hayo. Ni haki simu itajwe kwanza, maana simu ni nyingi kuliko mashine za kusomea. Lakini mashine ya kusomea inaendelea kuuzwa kama kitu cha utulivu, cha kahawa na blanketi, kitu ambacho hakitoki popote.

Sheria za Ulaya zinaacha mlango huohuo wazi. Kanuni ya madini ya vita, inayotumika tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2021, inadai uchunguzi kwa anayeingiza Ulaya madini au chuma chenyewe. Anayeingiza mashine iliyokwisha kutengenezwa, na tantali ikiwa tayari ndani, haimgusi. Kanuni mpya ya betri inakwenda mbali zaidi: kuanzia tarehe 18 mwezi wa pili 2027, vifaa vidogo vinavyouzwa huko vitapaswa, isipokuwa vichache vilivyosamehewa, kuwa na betri ambayo mwenye kifaa anaweza kuibadilisha mwenyewe. Kifungu kinachodai kampuni zichunguze kobalti, lithiamu, nikeli na grafiti za betri kilipaswa kuanza mwezi wa nane 2025. Kiliahirishwa hadi tarehe 18 mwezi wa nane 2027. Kobalti ya Lualaba iko katika orodha hiyo. Koltani ya Masisi haimo.